Fasihi ya Kiingereza kwa mtoto wa Lamu: jibu kwa msomaji wa Langoni

Msomaji mmoja, msichana wa Langoni, Lamu, ameuliza hivi: "Assalaam alaykum mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya ualimu, Kiingereza na fasihi. Natamani kuendelea hadi uzamivu, niwe mtafiti wa fasihi ya baada ya ukoloni na ya watu asilia, wale wa Canada, Australia na New Zealand, na wa kwetu pia. Ami yangu asema huko ni kumtumikia Mwingereza mara ya pili, na kama ni fasihi basi nikasome Kiswahili. Mama naye anahofia sitapata kazi. Kazi hii hasa ni kazi gani, naanzia wapi, na mtu wa Lamu ana nafasi gani humo?"

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na ami yako, maana yeye si wa kwanza kusema hivyo, na waliosema kabla yake ndio waliolijenga somo unalotaka kuliingia.

Oktoba 1968, walimu watatu wa chuo kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakusema Shakespeare asisomwe. Waliuliza kwa nini fasihi ya taifa moja la Ulaya iwe ndiyo mhimili, na Afrika iongezwe mwishoni kama nafasi imebaki. Walitaka mwanafunzi aanzie hapa alipo, kwa fasihi simulizi na lugha za huku, kisha aende Karibi, Marekani, Asia na hiyo Ulaya akiwa na pake pa kusimama. Ugomvi ulikuwa mkubwa, na mwisho wake idara ikawa ya fasihi, bila taifa la mtu kwenye jina lake. Ukifundishwa leo ngano na nyimbo za kazi, ukifundishwa Achebe na Okot p'Bitek, unakula matunda ya waraka ule. Ami yako anayapinga masomo ya zamani, na ana haki ya kuyapinga. Lakini siyo unayoyaendea wewe.

Nusu ya hoja yake, hata hivyo, bado imesimama, na usiikwepe. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, mkutano wa wale wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa mshairi mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, hakuwa na kiti pale kwa sababu kazi yake ilikuwa ya Kiswahili. Alifariki mwezi huohuo. Mwaka uliofuata Mnigeria Obi Wali aliandika kwamba fasihi ya Afrika ikiendelea kuandikwa kwa lugha za Ulaya haina njia mbele, na Ngũgĩ mwenyewe, baada ya kuwekwa kizuizini mwisho wa 1977, alihamia Gikuyu kwa riwaya zake. Mjadala huo haujaisha. Ukiwa msomi wa fani hii utaishi ndani yake kila siku, utaulizwa na wanafunzi, na utajiuliza mwenyewe usiku. Tena hapa Kenya umeacha jeraha la kiidara: fasihi iko jengo moja na inafundishwa kwa Kiingereza, Kiswahili kiko jengo jingine, na wahadhiri wa pande mbili hawasomani. Mwanafunzi wa ualimu kama wewe ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa Kiingereza na fasihi yake vimeshajaza nafasi zote mbili za masomo ya kufundishia. Mimi naamini kazi kubwa ya kizazi chako ni kuufungua mlango kati ya majengo hayo, na mtoto wa Lamu ana ufunguo ambao wengi hawana.

Nikuonyeshe nina maana gani, na papo hapo utaona kazi yenyewe ni kazi gani.

Watu hudhani mtaalamu wa fasihi ni mtu aliyesoma riwaya nyingi. Hilo ni sharti la kuingia tu. Kazi ni kukiuliza kitabu swali ambalo hakijaulizwa, na kulijibu kwa ushahidi ambao mwingine anaweza kuukagua. Mwaka 2019 Mkenya Yvonne Adhiambo Owuor alitoa riwaya ya Kiingereza, The Dragonfly Sea, inayoanzia kisiwani Pate. Binti wa Pate, Ayaana, anaishia kupelekwa China kwa ajili ya ile habari ya mabaharia wa Kichina waliozama pwani yetu karne ya 15 na kuacha kizazi. Msomi aliyeko ng'ambo ataisoma vizuri tu. Ataona Bahari ya Hindi pale alipozoea Atlantiki, ataona Mchina pale alipozoea Mwingereza, ataandika makala.

Wewe ukiisoma utasikia sauti nyingine chini yake. Utamkumbuka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na Al-Inkishafi, shairi la takriban miaka mia mbili iliyopita, akiyaangalia magofu ya Pate hiyohiyo: "Madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni." Zidaka hizo, vishubaka vya kuwekea vyombo, unazijua, huenda ziko ukutani kwenu. Vyombo vilivyopangwa ndani yake vilitoka China. Basi mshairi wetu alikwisha kuupima ukubwa wa Pate kwa vyombo vya China, akaona makinda ya ndege yamelala palipokaa sahani, akautumia uharibifu ule kuuonya moyo wake usidanganyike na dunia. Halafu inakuja riwaya ya 2019 inayoirudisha China kisiwani, safari hii ikiwa njia ya kutokea. Je, riwaya inalijibu shairi, inalibishia, au inapita bila kulisalimu? Msomaji wa Pate anayejua yote mawili anaisoma riwaya kwa namna gani tofauti na msomaji wa New York? Hapo kuna sura nzima ya tasnifu, na haiandikiki na mtu asiyeijua Al-Inkishafi ila kwa tafsiri.

Ndiyo maana nasema Kiamu chako ni mali. Msomi mgeni hutumia miaka kujifunza lahaja ambayo wewe uliamka nayo. Zaidi ya hapo, kama ulipita chuoni ukasoma Kurani, herufi za Kiarabu si ngeni machoni pako, na tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa hati hiyo. Kusoma Kiswahili cha hati ya Kiarabu kunahitaji mazoezi, kwa sababu waandishi wa zamani hawakutia alama kwa mtindo mmoja, ila wewe unaanzia mbali. Miswada ipo: Dar es Salaam, London, Ujerumani. Lamu kwenyewe, miswada ya Msikiti wa Riyadha, mingi yake ya Kiarabu, ilipigwa picha za kidijitali kwa mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Na usidhani mambo haya ni ya wafu. Ustadh Mahmoud Mau, mshairi na imamu wa Lamu, mashairi yake yamehaririwa na kutolewa kwa kitabu cha kitaaluma huko Uholanzi akiwa hai na anatunga. Ukitoka nyumbani kwenu kwa miguu unaweza kufika pale ambapo wengine huja kwa ndege.

Hapa pana historia ambayo lazima uijue kabla hujashika kalamu. Muhammad Kijuma wa Lamu, mwandishi wa hati, mchongaji na mshairi, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wasomi wa Uingereza na Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Bila mkono wake sehemu ya urithi wetu isingefika hadi leo. Lakini tazama vitabu vilivyotoka wakati ule: juu ya jalada limekaa jina la mhariri wa Ulaya, na Kijuma anashukuriwa ndani. Nani anakusanya, nani anatia sahihi, nani anapanda cheo kwa maarifa ya nani? Swali hilo ndilo moyo wa fasihi ya baada ya ukoloni, na limetokea mtaani kwenu.

Tuje kwa watu asilia, maana umeunganisha mambo mawili ambayo hayakai pamoja kwa urahisi. Kenya mkoloni alishusha bendera yake 1963. Canada, Australia na New Zealand hakuondoka: wajukuu wake ndio wengi, ndio serikali, na mwenyeji anadai ardhi kwa mahakama za waliomnyang'anya. Waandishi wengi wa huko hawakubali kuambiwa wako baada ya ukoloni, na ukiwaendea na nadharia za India na Afrika bila kulitambua hilo, watakufunga mlango. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu Asilia mwaka 2007, nchi nne zilipiga kura ya kupinga: Marekani, Canada, Australia na New Zealand. Kenya haikupinga wala haikuunga mkono. Kumbuka na hilo la mwisho.

Anza na riwaya ya Patricia Grace, Mmaori, yaani wa watu asilia wa New Zealand: Potiki, ya mwaka 1986. Kijiji cha pwani, watu wanaishi kwa bahari na bustani zao, wanakuja wenye fedha wanataka ardhi wajenge vya kuvutia watalii, na kijiji kinakataa. Maneno ya Kimaori yameachwa ndani ya Kiingereza bila kufafanuliwa, asiyejua ajifunze. Isome, kisha kaa na mvuvi yeyote wa Lamu akusimulie habari za bandari mpya. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Sisemi mambo haya ni sawa. Sema wapi yanafanana na wapi yanaachana, na tofauti ndizo zitakazokupa nadharia, kwa sababu kufanana huonwa na kila mtu. Ongeza Alexis Wright wa Australia, ambaye riwaya yake Carpentaria ilipata tuzo ya Miles Franklin mwaka 2007. Ni nzito, usiisome kwa haraka. Na kabla ya nadharia nyingine yoyote msome Linda Tuhiwai Smith, Mmaori, kitabu chake cha 1999 kuhusu namna utafiti wenyewe ulivyokuwa silaha ya mkoloni. Anasema kwa watu wake utafiti ni miongoni mwa maneno machafu kabisa. Edward Said na Gayatri Spivak, wananadharia wakubwa wa fani hii, utafundishwa darasani kwa vyovyote vile. Smith usingoje ufundishwe.

Sasa neno gumu, nalisema kwa mapenzi. Umeandika "na wa kwetu pia". Wa kwetu ni akina nani? Katika kaunti yako wapo Waaweer, ambao mjini huitwa Waboni, watu wa msitu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kurina asali mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchi nzima mwaka 1977. Wana lugha yao, ya jamii moja na Kisomali, na hadithi na nyimbo zao. Wewe wa Langoni si mwenyeji kwao. Kwa macho yao mji wa Lamu ndiko walikotoka wafanyabiashara na maofisa, na dharau nyingi. Mimi wa Malindi nina yangu pia: mji wetu uliinuka upya karne ya 19 kwa mashamba ya mtama yaliyolimwa na watumwa, na waliokuwa na mashamba hayo ni watu wa dini na lugha yangu. Mswahili anayesoma nadharia za ukoloni huvutika kujiona mdhulumiwa tu. Ukoloni ulitudhulumu, ndiyo, lakini historia yetu haikuanza na Mzungu, na haikuwa safi kabla yake.

Kwa sababu hiyo namheshimu sana Abdulrazak Gurnah, na nataka uyatazame maisha yake ya kazi kuliko tuzo yake. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka baada ya mapinduzi, akafika Uingereza kijana asiye na kitu, akafanya hata kibarua hospitalini. Shahada ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, kwa tasnifu kuhusu vigezo vya uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi. Angalia: Afrika Magharibi, siyo kwao. Alifundisha Kano, Nigeria, kisha Kent mpaka alipostaafu, akihariri vitabu vya makala kuhusu waandishi wa Afrika na kimoja kuhusu Salman Rushdie, huku akiandika riwaya. Ulimwengu ulimwona 2021, Nobel ilipomfikia. Wanafunzi wake walikuwa wamemjua kwa miongo. Na katika Paradise, ya 1994, hakuipamba pwani ya zamani: mtoto Yusuf anatolewa na babake kulipia deni kwa tajiri wa misafara, na tajiri huyo ni mtu wetu. Riwaya hiyo sasa ipo kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mpelekee ami yako. Akiisoma, muulize kama Gurnah anamtumikia Mwingereza.

Njia ya masomo nitaipita haraka. Baada ya shahada ya kwanza ni uzamili, ambao hapa huchukua miaka miwili au zaidi kutegemea msimamizi na karo, kisha uzamivu. Kuna Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, kuna Nairobi, Kenyatta, Moi. Chagua msimamizi kabla ya kuchagua chuo: soma aliyoandika, mwandikie, uone kama anajibu na anajibu nini. Ukitaka nje, Marekani humpokea mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja katika uzamivu wa miaka mitano au sita, na vyuo vizuri hulipa karo na posho kwa sharti la kufundisha. Maombi hufungwa zaidi Desemba na Januari, na kitu kinachopimwa kuliko alama ni makala yako ya mfano, kurasa kama 20, pamoja na barua tatu za mapendekezo. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, na ufadhili ni mgumu zaidi. Usikubali kwenda popote kwa deni la familia. Hilo nalisema kwa ajili ya mama.

Utafiti wa nyanjani una taratibu zake. Kenya kila mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na utafiti, hata akiwa anahoji watu wa kwao. Leseni ya serikali haitoshi. Ukirekodi hadithi ya bibi, muulize kanda itakaa wapi, nani ataisikiliza, jina lake liandikwe au lisiandikwe, na akikwambia sehemu fulani si ya kutolewa nje, zima mashine. Nakala irudi kwake kwa lugha anayoisoma au kuisikia. Wasimamizi wengi hawatakudai hayo. Jidai mwenyewe.

Kuhusu kazi, mama yako hakukosea kuogopa. Ili uwe mhadhiri Kenya unatakiwa uwe na uzamivu. Ukiwa na uzamili na umesajiliwa kwa uzamivu, vyuo vingine vina nafasi ya mhadhiri mwanafunzi. Nafasi za kudumu ni chache. Vyuo vimejaza walimu wa muda wanaolipwa kwa somo, malipo yanachelewa, wakati mwingine kwa mwaka mzima, na wamo watu wenye uzamivu wao mkononi. Nimewaona wenzangu wenye akili nyingi wakiondoka kwa sababu hiyo, na sikuwalaumu. Lakini wewe una kitu ambacho mwanafunzi wa shahada ya sanaa tupu hana: shahada ya ualimu. Jisajili TSC, tume ya serikali ya walimu, mara umalizapo. Mtu mwenye darasa la sekondari na mshahara anaweza kusoma uzamili likizo na jioni, polepole, na hana haja ya kukubali kila kibarua. Kuna pia kazi zinazotaka ujuzi huuhuu bila cheo cha mhadhiri: uhariri katika mashirika ya vitabu, tafsiri ya fasihi, makumbusho, na miradi ya kuhifadhi miswada, ambayo humtafuta kwa taa mtu anayesoma Kiamu cha hati ya Kiarabu na kuandika Kiingereza safi.

Utahitaji kuchapisha. Swahili Forum ni jarida la bure mtandaoni, lipitie upate kujua makala ya kitaaluma inavyojengwa. Research in African Literatures limekuwepo tangu 1970 na ni gumu kuingia. Jihadhari na majarida yanayokutumia barua pepe ya sifa, yakakubali makala kwa wiki moja na kudai dola. Makala ya namna hiyo huonekana kwenye wasifu wako maisha yako yote. Na andika kwa lugha zote mbili. Makala ya Kiingereza itakupa kazi, ya Kiswahili itasomwa na ami yako. Usiifanye ya pili kuwa kivuli cha ya kwanza, iwe na hoja yake.

Kwa sasa fanya hivi. Kabla ya mtihani wa mwisho andika kurasa mbili: kitabu kimoja cha Kiingereza, shairi au simulizi moja ya kwenu, swali moja linaloviunganisha, na unachohitaji kukipata ili ulijibu. Usitaje nadharia yoyote humo. Mpelekee mhadhiri unayemwamini asome, akukosoe, uandike tena. Barua ya mapendekezo utaiomba kwake, naye atakuwa na la kusema zaidi ya alama zako. Mfano wa Pate niliokupa uchukue ukiutaka, ni wako; ila naona kwa swali lako kwamba una wa kwako tayari.